Nozo moja, mashine mbili za leza, saizi ya matone haifanani. Ipi niiamini?

#1 Mnyunyizi
Wakuu salama? Nina nozo ya maji, koni iliyojaa, presha haibadiliki, joto halibadiliki. Nimepima matone sentimita 5 toka mdomo wa nozo kwa mashine ya difraksheni ya leza nikapata SMD (wastani wa kipenyo cha matone) maikroni 31. Nikahamia PDA, mashine ya leza inayopima kipenyo na kasi ya kila tone, umbali ule ule, katikati ya koni, ikaniletea 47. Kila mashine nikirudia inashikilia namba yake, hazitetereki, ila zenyewe kwa zenyewe hazipatani. Sasa pengo la nusu nzima huwezi kusema ni makosa madogo ya kipimo. Bosi anataka namba moja kwenye ripoti. Mimi nasema PDA ndo yenye ukweli maana inapima tone moja moja, mwenzangu ofisini anabisha. Mnasemaje?

#2 Kiraka_77
Naweka kambi hapa, ngoja waje wenyewe.

#3 FundiLeza
Mkuu swali la kwanza kabla ya yote, mwanga uliopita mpaka upande wa pili ulikuwa asilimia ngapi? Nauliza hivyo kwa sababu difraksheni nzima imejengwa juu ya dhana moja, kwamba kila mwali uliofika kwenye sensa umegonga tone moja tu njiani. Tone kubwa linatupa mwanga kwa pembe nyembamba, tone dogo linatupa kwa pembe pana, mashine inasoma zile pete za sensa na kurudi nyuma kukisia saizi. Sasa wingu likiwa zito mwali unagonga tone, unachepuka, unagonga la pili, unachepuka tena, mpaka unatoka pembe imeshapanuka. Mashine haijui hayo, inaona pembe pana inasema haya ni matone madogo. Kwahiyo 31 yako inawezekana ni 40 na kitu iliyoshushwa na mtawanyiko wa kurudiarudia.

#4 Mnyunyizi
Asante @FundiLeza. Katikati ya koni ulipita asilimia 22.

#5 FundiLeza
Ndo hapo sasa. Asilimia 22 ni OD ya 1.5. Kwa asiyefahamu OD, ni ile hesabu ya Beer na Lambert, mwanga unaobaki ni e kwa kipeo hasi cha OD. OD 1 inabaki asilimia 37, OD 2 inabaki 13 na nusu, OD 5 haifiki hata asilimia moja, OD 10 unabakiwa na fotoni 45 hivi katika kila milioni moja zilizoingia. Fotoni nyingine zote zinazotoka upande wa pili zimeshazunguka mle ndani, hazikumbuki zilikotoka. Watu wengi wa difraksheni wanaanza kuwa na wasiwasi mwanga uliopita ukishuka chini ya asilimia 50. Masahihisho yapo, tangu miaka ya 1980 watu wanaandika hesabu za kuondoa hiyo athari na mashine nyingi za leo zina kitufe chake kwenye programu. Je, kilikuwa kimewashwa?

#6 KasiYaTone
Mnakimbilia mtawanyiko haraka sana. Mimi naona jibu liko kwenye namna mashine zinavyohesabu, na hata wingu lingekuwa jepesi kabisa namba zisingefanana. Difraksheni inaona matone yote yaliyomo ndani ya mwali kwa wakati ule. PDA inahesabu matone yanayopita kwenye kitobo chake. Ni kama magari barabarani, ukipiga picha toka juu utakuta malori yanayokwenda polepole yamejaa kwenye picha, lakini ukikaa pembeni unahesabu yanayopita, magari ya mbio yatakuwa mengi kwenye daftari lako. Matone madogo hewa inayafunga breki haraka, yanazubaa pale, kwahiyo difraksheni inayaona kwa wingi na SMD inashuka. Hakuna anayedanganya.

Na hii unaweza kuipima mwenyewe leo bila kugusa nozo. PDA inakupa kasi ya kila tone. Chukua faili ghafi, kila tone lipe uzito wa moja gawanya kwa kasi yake, halafu kokotoa SMD upya. Hiyo ndo namba ya kulinganisha na difraksheni.

#7 MamaMwanga
Niungane na @KasiYaTone ila kuna upande mmeuacha, nao ni PDA yenyewe. Inaitwa kipimo cha tone moja moja, sawa, lakini ni pale tu ambapo tone ni moja. Mihimili miwili ya leza inakatana, pale kwenye makutano kuna michirizi ya mwanga na giza, tone likipita linapepesa, mwendo wa kupepesa unakupa kasi na tofauti ya fezi (hatua ya wimbi) kati ya sensa mbili inakupa kipenyo. Kwenye wingu zito matone mawili yanaingia kwa pamoja, mawimbi yanachanganyikana, programu inayakataa yote mawili. Halafu mihimili yenyewe inafika pale katikati imechoka kwa kupita kwenye matone mengine, ishara ya tone dogo inazama kwenye kelele, haihesabiwi kabisa. Kubwa linaonekana, dogo linapotea, SMD inapanda. Kwahiyo @Mnyunyizi mwanangu usiishikilie sana hiyo 47. Inawezekana kabisa mashine moja inavuta chini na nyingine inavuta juu.

Asilimia ya matone yaliyokubaliwa ilikuwa ngapi? Na pale sentimita 5, una uhakika ni matone ya mviringo, sio vipande na nyuzi za maji bado zinakatika? PDA inadai tone liwe la mviringo.

#8 Kiraka_77
Samahanini wakuu mimi wa pembeni, SMD ni wastani tu wa kawaida au?

#9 MamaMwanga
Karibu sana mwanangu. Sio wa kawaida. Unajumlisha vipenyo vyote kipeo cha tatu, unagawanya kwa jumla ya vipenyo kipeo cha pili. Yaani ujazo wote kwa eneo la uso wote. Jina ni la Mjerumani Sauter, miaka ya 1920. Watu wa injini wanaipenda kwa sababu mafuta yanageuka mvuke kupitia usoni mwa tone. Ubaya wake ni huu, tone moja la maikroni 100 lina ujazo wa matone milioni moja ya maikroni 1. Kwahiyo ukikosea matone makubwa machache tu, au ukayapoteza madogo mengi, namba inaruka bila wewe kuona kitu cha ajabu kwenye grafu ya idadi.

#10 Bw_Lenzi
Mnajitesa na hesabu za nini. Chukueni kamera, taa kali ya nyuma yenye mwako wa nanosekunde chache, piga picha ya vivuli, hesabu pikseli. Unaliona tone kwa macho, la mviringo unaliona, lililopinda unaliona. PDA ya Bachalo ya 1984 ilikuwa kabla kamera nzuri hazijawa nyingi.

#11 KasiYaTone
Turekebishe historia kidogo. Wazo la fezi lilitolewa na Durst na Zaré mwaka 1975. Bachalo na Houser mwaka 1984 ndo waliolifikisha kwenye chombo cha kutumika kwenye mnyunyizo halisi. Kuhusu kamera, tone kubwa linaonekana kali hata likiwa mbali kidogo na fokasi, tone dogo likisogea kidogo tu limefutika. Kwahiyo makubwa unayachota toka eneo pana na madogo toka eneo jembamba. Usiposahihisha hilo unapata SMD ya juu kuliko hata hiyo 47.

#12 Bw_Lenzi
Linasahihishika mkuu. Unaweka kioo chenye vidoti vya saizi inayojulikana, unakisogeza mbele na nyuma ya fokasi, unapima kila saizi inaonekana kwa umbali gani, unaingiza kwenye hesabu. Mimi ndo kazi yangu hiyo ya kila wiki.

#13 FundiLeza
@Bw_Lenzi kwenye OD 1.5 sawa utaona kitu. Nenda OD 6 uone, picha nzima ni ukuta wa kijivu. Wewe kaka kila uzi unauza kamera 😂

#14 Shiti_ya_Kijani
Nimechelewa ila nimefurahi kukuta uzi huu, mimi nipo kwenye picha za shiti ya leza. Mnatia rangi ya floresensi (inayong'aa yenyewe ikimulikwa) kwenye maji, mnamulika kwa shiti nyembamba ya leza, mnapiga picha mbili kwa pamoja, moja ya mwako wa rangi, nyingine ya mwanga wa kawaida uliotawanywa. Mwako unafuata ujazo, yaani d³, mtawanyiko unafuata uso, d². Gawanya picha kwa picha unapata ramani nzima ya SMD kwa mpigo, sio kitobo kimoja. Yeh na wenzake Wajapani walilionyesha mwaka 1993. Kwenye wingu zito picha zote mbili zilikuwa zinachafuliwa na mwanga uliozunguka, mpaka watu wa Lund kule Sweden, Berrocal, Kristensson na Linne, mwaka 2008 wakaleta SLIPI.

Ujanja wake ni mzuri kweli. Shiti ya leza unaipa milia ya mwanga na giza. Mwanga uliogonga tone mara moja tu unabaki na milia, uliozungukazunguka umeisahau milia na kuwa ukungu laini. Unapiga picha 3, kila moja milia imesogezwa theluthi ya hatua. Unatoa picha moja kwenye nyingine kwa jozi, ukungu kwa kuwa ni ule ule kwenye picha zote unakatika wenyewe, unapandisha kipeo cha pili, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili cha jumla. Picha inayobaki mara ya kwanza ukiiona utashtuka, katikati ya koni iliyokuwa inang'aa kama imejaa maji kumbe ni tupu.

#15 FundiLeza
Safi sana hiyo. Ila uwaambie na la pili, SLIPI inaondoa ukungu, hairudishi mwanga uliopotea. Shiti inaingia upande mmoja ina nguvu, upande wa pili imechoka, na mwanga unaotoka kwenda kwenye kamera nao unaliwa njiani na matone yaliyo mbele.

#16 Shiti_ya_Kijani
Kweli kabisa. Kwenye kugawanya sehemu kubwa ya uchovu wa shiti inakatika kwa sababu upo kwenye picha zote mbili, ila haikatiki yote. Na rangi nayo ina visa vyake. Ukizidisha, mwanga unamezwa karibu na uso wa tone, d³ inageuka kuelekea d², ramani inakuwa uongo mtupu. Tone la mviringo pia linaweza kuuzungushia mwanga ndani yake karibu na uso mpaka linaanza kufanya kazi ya leza lenyewe, linawaka kupita ujazo wake. Sisi tunaanza na rangi kidogo sana, tunaongeza taratibu, tunachora mwako dhidi ya kipenyo cha matone tunayoyajua. Mstari ukiacha kufuata d³ tunarudi nyuma. Na mwisho wa yote ramani ni ya uwiano tu, kuipa maikroni lazima uisawazishe na kipimo kingine, mara nyingi ni PDA hiyo hiyo.

#17 MamaMwanga
Kwahiyo tumerudi kwa PDA ambayo @Mnyunyizi anaiulizia.

#18 ShambaKubwa
Wakuu mimi ni wa dawa za mimea. Kwetu hofu ni matone madogo, chini ya maikroni 150 hivi, hayo ndo yanapeperushwa na upepo yanaangukia pasipotakiwa. Tulishagundua zamani kwamba nozo ile ile ukiipeleka maabara tofauti namba zinatofautiana, ndo maana kiwango cha ASABE S572, cha wahandisi wa kilimo wa Marekani, hakikuambii tu nozo ina maikroni ngapi. Unapima nozo yako na nozo za rejea kwenye mashine ile ile, kwa utaratibu ule ule, halafu unasema iko kundi la matone membamba, la kati, la manene na kuendelea. Kosa la mashine linawapata wote sawa. Labda na bosi wa mleta uzi anachohitaji ni kulinganisha tu?

#19 Mnyunyizi
Bosi anataka namba ya kuingiza kwenye hesabu za kompyuta za uvukizi mkuu, kulinganisha hakutoshi. Majibu: kitufe cha masahihisho kilikuwa kimezimwa. Matone yaliyokubaliwa kwenye PDA ni asilimia 58.

#20 MamaMwanga
58 ni ndogo. Karibu nusu ya waliokuja mlangoni wamerudishwa na hatujui ni akina nani.

#21 Kipuliza_Pafu
Nawapa kisa cha upande wetu wa inhela. Sisi tunahangaika na matone ya chini ya maikroni 5 maana ndo yanayoingia ndani ya pafu. Kuna wakati difraksheni ilikuwa inaniletea kilima kikubwa upande wa matone manene, mamia ya maikroni, kitu ambacho kwa kile kitobo hakiwezekani. Kumbe gesi ya kusukuma ikigeuka mvuke inapinda mwali wa leza, mwali unayumba unaangukia pete za ndani, mashine inaona pembe nyembamba inasema kuna matone makubwa. Tulifumba zile pete za ndani kabisa kilima kikatoweka. @Mnyunyizi kwa maji ya joto la kawaida hili halikuhusu sana, ila anayepima petroli au gesi alikumbuke. Linavuta juu wakati mtawanyiko unavuta chini, mawili yakikutana unaweza kupata namba nzuri kwa sababu mbaya.

#22 Dizeli90
Nyie wote mko kwenye mawingu mepesi 😂 Njooni kwenye dizeli. Spray A, mnyunyizo wa rejea wa wale watafiti wa injini wa Engine Combustion Network, nozo maikroni 90, presha 1500 ba, gesi ya nje kelvini 900 na uzito wa kilo 22.8 kwa mita ya ujazo. Karibu na nozo pale PDA haioni kitu na difraksheni haioni kitu. Kuna picha za balistiki, fotoni iliyonyooka inafika kwanza, iliyozurura inachelewa, unaweka shata inayofunguka kwa pikosekunde 2 hivi kwa kutumia kaboni disalfidi na mwako wa leza nyingine, muda ambao mwanga unakwenda kama milimita 0.6 tu. Unaona kiini cha kimiminika na nyuzi zake, saizi ya matone madogo hupati. Kwa saizi tumeishia eksirei. Pale Argonne, Marekani, kwenye sinkrotroni (mtambo mkubwa unaokimbiza elektroni kutoa eksirei kali), eksirei karibu haipindwi na kimiminika kwahiyo inapita moja kwa moja. Kipimo kimoja kinakupa eneo la uso, kingine kinakupa uzito wa mafuta pale pale, ukigawanya SMD hiyo hapo.

#23 Bw_Lenzi
Na wewe kila uzi unaleta sinkrotroni, mleta mada aipate wapi?

#24 Dizeli90
Sijamwambia aikodi 😂 Namwonyesha kwamba uzito na uso ukivipima mbalimbali huhitaji kuliona tone. Hata kwa mwanga wa kawaida kuna watu wanapima unavyofifia, huo wanaubeba kama kipimo cha uso, halafu uzito wanautoa kwenye eksirei. Na hayo ya eksirei nayo yana la kusema, mengi yanafanywa gesi ikiwa ya baridi kwa uzito ule ule, sio ile kelvini 900.

#25 KoniNusu
Mbona hakuna aliyegusa hili, PDA imepima kitobo katikati, difraksheni imepima mstari mzima toka ukingo mpaka ukingo. Ni maeneo mawili tofauti. Pima PDA kwenye nukta nyingi za mstari huo, uzipe uzito wa wingi wa matone, ndo ulinganishe.

#26 KasiYaTone
Hoja nzuri, ila nozo nyingi za kuzungusha maji zina matone makubwa ukingoni na madogo katikati. Mstari mzima ungepandisha difraksheni, sio kuishusha. Hapo pengo lingekuwa kinyume.

#27 KoniNusu
Hiyo ni kwa koni tupu mkuu. Koni iliyojaa kila mtengenezaji ana lake. Apime.

#28 Mnyunyizi
Wakuu nimerudi. Nimewasha masahihisho, difraksheni imepanda kutoka 31 hadi 36. Nimetoa uzito wa kasi kwenye data za PDA kama alivyosema @KasiYaTone, 47 imeshuka hadi 42. Pengo limebaki 6. Halafu nimesogeza mashine zote ukingoni mwa koni ambako mwanga unapita asilimia 70, huko zinatofautiana kwa 3 tu. Mstari wa @KoniNusu bado.

#29 FundiLeza
Umeona? Mwanga ukipita vizuri zinakaribiana. Mtawanyiko huo.

#30 KasiYaTone
Na ukingoni matone yote yameshapoa, kasi za makubwa na madogo zimekaribiana, kwahiyo hata maelezo yangu yanatabiri hivyo hivyo.

#31 MamaMwanga
Na ukingoni PDA inakubali matone mengi zaidi, bila shaka. Yote matatu yanabadilika kwa pamoja ukisogea, ndo maana kusogea peke yake hakuamui. Inabidi kubadilisha kimoja na vingine vikae. Anza na mashine bila nozo yako. Chukua kitoa matone ya saizi moja, kile chenye kitobo kinachotetemeshwa. Ukisukuma mililita 0.2 kwa dakika na kutetemesha mara 100,000 kwa sekunde, kila tone lazima liwe na ujazo wa mtiririko gawanya kwa mitetemo, linatoka maikroni 40 bila kuuliza mashine yoyote. Na iwe kitobo cha maikroni 20 hivi, Rayleigh alishaonyesha tone linakuwa kama mara 1.89 ya uzi wa maji. PDA ikisoma 40 pale, kosa halimo kwenye macho yake.

#32 FundiLeza
Hayo yatapita yamepanga foleni shikamoo mama, hakuna wingu. Yanapima macho ya mashine, hayapimi wingu. Kwa difraksheni ningemwambia achukue shanga za plastiki za saizi moja ndani ya kisanduku cha kioo chenye maji, aongeze kidogo kidogo huku anaandika asilimia ya mwanga na saizi inayosomwa. Saizi ya shanga haibadiliki, kwahiyo pale namba inapoanza kushuka ndo mpaka wa mashine yake. Na ataona kama kitufe cha masahihisho kinairudisha namba mahali pake pale kwenye asilimia 22 au kinaibahatisha.

#33 MamaMwanga
Marahaba. Afanye yote mawili basi, na kisanduku kiwe na unene unaokaribiana na upana wa koni yake.

#34 Shiti_ya_Kijani
Na maji kwenye kisanduku yakoroge polepole wakati wote, shanga zinazama chini ukichelewa, utadhani masahihisho yamefanya kazi kumbe wingu limepungua.

#35 Mnyunyizi
Shukrani nyingi wote. Shanga tunazo za maikroni 30, naanza na kisanduku. @KasiYaTone faili ghafi la PDA nitalipandisha hapa, nimeacha na matone yaliyokataliwa ndani yake ili @MamaMwanga aone ni akina nani.